SHULE BINAFSI NA POLISI: NI TAARIFA GANI LAZIMA ZITOLEWE KISHERIA?



Kuna swali ambalo hapa Makanyagio halikauki. Shule binafsi ikijua kwamba mwanafunzi wake amebakwa, amepewa mimba, amepigwa mpaka akaumia au amefariki ghafla, je, ni lazima iwaambie polisi? Au mwenye shule anaweza kusema "hapa ni kwangu, mambo ya humu ndani tunamaliza wenyewe"?

Jibu fupi: ni lazima. Shule kuwa ya mtu binafsi hakuigeuzi kuwa nchi nyingine. Ada unamlipa mwenye shule, lakini sheria ya jinai ni ile ile inayokuhusu wewe, mimi na muuza mitumba wa sokoni.

Jibu refu liko hapa chini. Nimelipanga sheria moja moja ili hata ukiwa na dakika thelathini tu za kafe upate cha kuondoka nacho. Ukiweza printi, mpe mzazi au mwalimu.

KWANZA: KWA NINI KATAVI TULIONGELEE HILI

Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Miaka michache baadaye tukawa maarufu kwa jambo ambalo si la kujivunia. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015/16 ulionyesha kwamba Katavi ndiyo ilikuwa ya kwanza nchini: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa 2022 ulionyesha tumeshuka mpaka asilimia 34, taifa likiwa asilimia 22. Tumepungua, ndiyo, lakini bado tuko juu sana.

Sasa jiulize. Kwenye hao wasichana, wangapi walikuwa wanafunzi? Na kwa hao wanafunzi, wangapi kesi zao zilifika polisi? Nyingi huishia kwenye kikao cha watu wanne: mzazi, mkuu wa shule, "mhusika" na mzee mmoja wa busara. Ng'ombe wawili au laki kadhaa, yamekwisha. Kwa shule binafsi kuna sababu nyingine ya kunyamaza: jina. Shule ikichafuka, wazazi wanahamisha watoto na ada inakauka. Ndiyo maana ni muhimu kijana ujue sheria inasemaje, maana ukisubiri uambiwe na mwenye shule utasubiri sana.

SHERIA YA 1: MWENENDO WA MAKOSA YA JINAI (SURA 20)

Hii ndiyo mama yao. Kifungu cha 7 kinasema kila mtu anayejua kwamba kosa lililo ndani ya Kanuni ya Adhabu limetendeka, au kwamba mtu ana nia ya kulitenda, anatakiwa atoe taarifa mara moja kwa polisi aliye karibu au kwa kiongozi wa eneo lile. Huyo kiongozi naye anatakiwa aifikishe kwa mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu.

Ona maneno yenyewe: KILA MTU. Hakuna palipoandikwa "isipokuwa mkuu wa shule binafsi". Mwenye shule ni mtu, meneja ni mtu, matroni ni mtu, dereva wa basi la shule ni mtu, mlinzi wa geti ni mtu. Na wewe mwanafunzi mwenzake ni mtu.

Kifungu hicho hicho kinataja na vifo: kifo cha ghafla, kifo kisicho cha kawaida, cha kupigwa au cha mazingira ya mashaka. Mwanafunzi akikutwa amekufa bwenini, kazi ya shule si kukodi gari na kupeleka mwili kwao usiku usiku. Kwanza polisi. Mnakumbuka Septemba 2020 kule Kyerwa, mkoa wa Kagera, moto ulivyounguza bweni la shule ya msingi Byamungu Islamic na watoto 10 wakapoteza maisha. Tukio la namna hiyo huwezi kulificha, moshi unaonekana. Tatizo ni kifo cha mtoto mmoja, kimya kimya, "aliumwa tumbo". Hapo ndipo kifungu cha 7 kinapohitajika zaidi.

Halafu kuna sehemu ambayo wengi hawaijui. Sheria inamlinda anayetoa taarifa kwa mujibu wa kifungu hicho: hawezi kushtakiwa mahakamani alipe fidia kwa sababu ya taarifa aliyoitoa. Kwa hiyo mwalimu anayeogopa "nitadaiwa kwa kuchafua jina la shule" ana kinga. Ila kinga si ruhusa ya kutunga. Kumdanganya polisi kwa makusudi ni kosa la peke yake.

SHERIA YA 2: SHERIA YA MTOTO YA 2009

Mtoto ni kila mwenye umri chini ya miaka 18. Kifungu cha 95 kinampa kila mwanajamii mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuripoti kwa serikali ya mtaa wa eneo lile. Hapa taarifa inaanzia halmashauri, kwa maana ya ustawi wa jamii, na afisa ustawi anashirikiana na polisi pale penye jinai.

Tofauti yake na kifungu cha 7 ni nini? Kifungu cha 7 kinataka kosa la jinai au kifo cha mashaka. Kifungu cha 95 ni kipana zaidi: mtoto ananyimwa chakula, matibabu, elimu au mahali pa kulala na mtu mwenye uwezo wa kumpa, nayo ni ya kuripoti. Mfano: shule ya bweni inaona mtoto haji kuchukuliwa likizo mbili mfululizo na mlezi wake hapokei simu. Labda hakuna jinai bado, ila ustawi wa jamii wanatakiwa kujua.

SHERIA YA 3: SHERIA YA ELIMU, KIFUNGU CHA 60A

Hiki kifungu kiliingizwa mwaka 2016 na kinawahusu wanafunzi wa msingi na sekondari. Hakibagui shule ya serikali na ya binafsi. Kwa kifupi:

- Kumuoa mwanafunzi wa kike au kuolewa na mwanafunzi wa kiume: miaka 30 jela.
- Kumpa mimba mwanafunzi: miaka 30 jela.
- Kusaidia au kushawishi mwanafunzi aoe au aolewe: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au miaka mitano jela, au vyote kwa pamoja.
- Kila mkuu wa shule atunze kumbukumbu na kila robo mwaka apeleke kwa Kamishna wa Elimu au mwakilishi wake ripoti ya ndoa na mimba za wanafunzi, PAMOJA NA hatua za kisheria zilizochukuliwa dhidi ya wahusika.

Hilo la mwisho lirudie mara mbili. Mkuu wa shule hawezi kuandika hatua za kisheria zilizochukuliwa kama polisi hawajaambiwa kitu. Ripoti inayosema "mimba mbili, hatua: wazazi wameelewana" inamshitaki aliyeiandika.

Watu huniuliza: je kama msichana ana miaka 18 au 19 na yuko kidato cha nne? Kwa aliye chini ya miaka 18, Kanuni ya Adhabu inaita ubakaji hata kama anasema alikubali. Kwa aliyefika 18 na alikubali mwenyewe, ubakaji haupo, lakini kosa la kumpa mimba mwanafunzi chini ya Sheria ya Elimu bado lipo, maana pale kinachoangaliwa ni uanafunzi.

Na kwa ndugu zetu wanaoficha wakiogopa msichana atafukuzwa: tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shule baada ya kujifungua. Kuficha kesi hakumsaidii binti. Kunamsaidia aliyempa mimba.

SHERIA YA 4: KANUNI ZA VIBOKO ZA 2002

Viboko shuleni havijafutwa Tanzania Bara, ila vina mipaka. Havizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa na mkuu kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda shule iwe haina. Na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, nani amechapa.

Maana yake nini kwa polisi? Kile kitabu ni ushahidi. Mwalimu akipiga kumi na tano, au akitumia mkanda, au akamvunja mtoto mkono, hapo tumetoka kwenye adhabu ya shule na tumeingia kwenye shambulio la mwili, ambalo liko kwenye Kanuni ya Adhabu. Turudi basi kifungu cha 7: lazima taarifa itolewe. Mtoto anachukuliwa fomu ya polisi namba tatu, ile tunayoiita PF3, anapelekwa hospitali. Akiwa na hali mbaya anatibiwa kwanza, fomu itafuata.

"TUMESHAMFUKUZA KAZI" HAITOSHI

Hapa niseme langu. Nilisoma bweni kwenye shule moja binafsi, jina nalihifadhi. Katikati ya muhula mwalimu mmoja akatoweka. Asubuhi mstarini tukaambiwa amepata kazi nzuri zaidi, tumpigie makofi. Tukapiga. Wasichana wa kidato cha pili hawakupiga. Walijua kwa nini kaondoka, na mmoja wao baada ya likizo hakurudi tena. Polisi hawakuonekana hata siku moja. Mwaka uliofuata tukasikia yule mwalimu anafundisha shule nyingine, tena ya wasichana watupu.

Hilo ndilo linalotokea shule ikimaliza kesi kwa barua ya kufukuza kazi. Tatizo halijaisha, limehamishwa. Huko alikokwenda hakuna anayejua lolote, kwa sababu hakuna jalada, hakuna kesi, hakuna rekodi. Wale mabinti wa shule ya pili hawakuwa na mtu wa kuwaonya.

Kwa hiyo ukisikia mkuu wa shule anasema "tumechukua hatua kali, tumemfukuza", muulize kwa heshima: mwalimu, na namba ya jalada polisi ni ipi?

POLISI WAKIJA SHULENI: NINI WANAWEZA KUDAI, NINI HAPANA

Wajibu wa kutoa taarifa hauna maana kwamba polisi yeyote anaweza kuingia ofisini na kubeba makabati. Mambo yako hivi:

1. Polisi anayepeleleza anaweza kumwita kwa maandishi mtu yeyote anayeonekana kujua mazingira ya kesi, amhoji na kuandika maelezo yake. Mkuu wa shule akiitwa aende. Ubize wa mitihani si sababu.

2. Vitu kama daftari la mahudhurio, kitabu cha wageni, kitabu cha adhabu au mkataba wa mwalimu vinaweza kuchukuliwa kama ushahidi kwa kufuata taratibu za upekuzi. Vikichukuliwa, shule ipewe stakabadhi inayoorodhesha kila kitu. Usikubali "nitakurudishia jioni" bila karatasi.

3. Wajibu wa kifungu cha 7 unahusu makosa na vifo vya mashaka. Hauhusu nani anadaiwa ada, nani baba yake ni mwanachama wa chama gani, au namba za simu za wasichana wa kidato cha sita.

4. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Shule nayo inabanwa: haitakiwi kugawa taarifa za wanafunzi ovyo. Ila baadhi ya wenye shule wameigeuza kuwa ngao, wanasema "hatuwezi kuongea, ni siri ya mtoto". Sivyo. Sheria hiyo haikutungwa kuficha jinai. Taarifa inayotakiwa na sheria nyingine kwa ajili ya upelelezi inatolewa kwa mhusika sahihi, kwa kiasi kinachohitajika, basi.

5. Mtoto anayehojiwa si gunia la maharage. Mzazi au mlezi ajulishwe, na afisa ustawi wa jamii ashirikishwe. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo ndipo pa kwenda badala ya kusimulia ubakaji kaunta mbele ya watu kumi waliokuja kwa kesi za kuku.

ASIPOTOA TAARIFA ANAPATWA NA NINI?

Kanuni ya Adhabu ina kosa la kukaidi kwa makusudi wajibu uliowekwa na sheria. Pia inamtambua mtu anayemsaidia mhalifu akwepe adhabu baada ya kosa, na yule anayepokea mali au fedha ili kosa kubwa lifichwe. Kwa hiyo ile laki tatu ya "kumaliza kifamilia" inaweza kumgeuza mzazi au mkuu wa shule kutoka shahidi kuwa mshitakiwa. Kesi ya ubakaji si deni la duka kwamba ukilipwa unafuta jina. Mlalamikaji ni Jamhuri.

MAJIRANI ZETU WANAFANYAJE?

Uganda waliifanyia marekebisho sheria yao ya watoto mwaka 2016 na kumtaja mwalimu kwa cheo chake: akiona mtoto anahitaji ulinzi lazima aripoti kwa afisa ustawi au polisi. Kenya, Tume ya Huduma za Walimu ilitoa waraka namba 3 wa mwaka 2010 unaomtaka mwalimu aripoti unyanyasaji wa kingono wa mwanafunzi ndani ya saa 24.

Sisi wajibu wetu upo, lakini umetawanyika: kipande Sura ya 20, kipande Sheria ya Mtoto, kipande Sheria ya Elimu. Kwa maoni yangu ingekuwa vizuri uwekwe sehemu moja, umtaje mmiliki na mkuu wa shule, na uweke saa. "Mara moja" ni neno zuri, lakini kila mtu ana mara moja yake. Ukiwa na saa 24 hakuna ubishi.

UKIWA MAKANYAGIO, UANZIE WAPI?

- Kuna hatari sasa hivi: piga 112, ya polisi.
- Simu ya mtoto: 116, bure. Unaweza kupiga hata kama wewe mwenyewe ni mtoto.
- Kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Kama unamjua mkaguzi wa polisi wa kata yako, anza naye.
- Mwenyekiti wa mtaa au mtendaji. Kumbuka kisheria akishapokea taarifa ya jinai anatakiwa kuipeleka kituoni. Siyo aitishe kikao cha usuluhishi.
- Afisa ustawi wa jamii wa manispaa, kwa mambo ya mtoto kutelekezwa au kunyimwa mahitaji.
- Wathibiti ubora wa shule na afisa elimu, kwa mambo ya shule yenyewe. Hawa ni nyongeza. Kuwaambia wao hakuondoi wajibu wa kwenda polisi.

Andika tarehe, saa, nani ulimwambia na alijibu nini. Omba namba ya taarifa, ile RB. Bila RB kesho unaambiwa hujawahi kufika. Kwa kesi ya kubakwa, mtoto asiogeshwe na nguo zisifuliwe kabla ya kumuona daktari. Najua ni vigumu, mama yeyote atataka kumsafisha mwanae, lakini ushahidi mwingi unapotea kwenye ndoo ya maji.

Na nyie wenzangu wa mitandaoni: usipige picha ya mtoto aliyefanyiwa ukatili ukairusha kwenye magrupu "ili haki itendeke". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kukugeukia wewe, na yule mtoto atabaki na ile picha maisha yake yote. Kama una ushahidi kwenye simu, mpelekee mpelelezi.

MASWALI YA HARAKA

Je, mwanafunzi anaweza kwenda polisi bila ruhusa ya mkuu wa shule? Ndiyo. Kifungu cha 7 hakitaji kibali cha mtu.

Je, shule inaweza kunifukuza kwa kutoa taarifa? Kutimiza wajibu wa sheria si utovu wa nidhamu. Kufukuza mwanafunzi kuna kanuni zake za mwaka 2002, si hasira za mwenye shule. Tena tangu 2015 tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi.

Je, mwalimu akiwa ana tetesi tu? Sheria haimtaki athibitishe, hiyo ni kazi ya polisi na mahakama. Anatoa anachokijua na jinsi alivyokijua.

Je, Zanzibar ni hizi hizi? Hapana. Wao wana Sheria ya Watoto ya 2011 na sheria zao za jinai. Niliyoandika hapa ni ya Bara.

Angalizo la mwisho: namba za vifungu nimezitaja kama zilivyozoeleka kwa miaka. Toleo jipya la sheria zetu lilianza kutumika Julai 2025 na baadhi ya namba zimesogea. Ukienda kwa wakili au msaada wa kisheria, mwambie akuonyeshe kwenye toleo hilo. Maudhui ndiyo ya kubeba kichwani.

Ukumbi uko wazi, tuchangie. Walimu wa shule binafsi nataka hasa kuwasikia: mwajiri akikwambia nyamaza na mshahara wa mwezi uko mkononi mwake, unafanyaje? Ombi langu moja tu, kwenye maoni msitaje jina la mtoto wala la shule yenye kesi. Hayo pelekeni kituoni.

Naomba kuwasilisha.